Bawabu Aliyeazimwa Sauti

Enyi mliokusanyika, wazee mliotutangulia kuliona jua, vijana wenzangu mliokaa kwa adabu nyuma yao, nanyi akina mama mlioacha vyungu mekoni ili mnipe masikio: nawaomba radhi kabla sijawaomba utulivu. Nilicho nacho si kisa cha kumbembelezea mtoto. Nimekipima kama nilivyofundishwa kupima shairi, nikaondoa kilichozidi, na kilichobaki sikukitia chumvi. Niruhusuni nikitangulize kwa ubeti mmoja:

Usingizi ni amana, mja apewa na Mola,
Usiku hata mchana, twaushika tukilala,
Mgeni tusomuona, akija hana jamala,
Ulimi ukijibana, mlango haufunguki.

Mwaka wa hamsini na sita, pale Uyole ubavuni mwa Mbeya, aliishi kijana wa Kinyakyusa aitwaye Yotamu mwana wa Anania, ambaye riziki yake ilikuwa kinywani mwake. Alikuwa mfasiri wa gari la sinema. Gari hilo lilipanda na kushuka barabara kuu kati ya Iringa na Mbeya, likitundika shuka jeupe kwenye viwanja vya soko; na giza lilipoingia, dereva wake Bartholomeo, Mhehe wa Idodi, aliwasha mtambo, naye Yotamu akashika kipaza sauti na kuwagawia watu maneno. Picha zenyewe zilikuwa za kufundisha kunawa mikono na kupanda kahawa kwa mstari. Lakini kwa kinywa cha Yotamu hata mche wa kahawa ulipata kiburi na wivu, na watu walishuka kutoka milimani waje kumsikia.

"Wewe hufasiri," Bartholomeo alizoea kumtania. "Wewe unafufua. Siku moja utafufua kitu kitudai chakula."

Baridi ya Juni ilipokaza, uliletwa mkanda mpya kutoka Pwani, ndani ya mkebe wa bati. Bartholomeo alipoufungua, harufu ya udi ilitoka kana kwamba amefungua sanduku la bibi harusi wa Kiislamu. Wakautia mtamboni ili waujaribu. Midomo ya Wazungu ilicheza, shingo zilitikisika, vicheko vilionekana, lakini hapakusikika hata kikohozi. Bartholomeo alipuliza vumbi, akabadilisha taa. Akatia mkanda wa kahawa: ukasema. Akaurudisha ule mgeni: kimya.

"Huu umekatwa ulimi," alisema.

"Basi nitauazima wangu," akajibu Yotamu, akacheka.

Kwa maelezo mafupi yaliyobandikwa kwenye mkebe, walifahamu kuwa kilikuwa kisa cha zama zisizofika bado. Daktari mmoja ametengeneza kitanda chenye kofia ya shaba, na alalaye juu yake huweza kuingia katika ndoto ya mtu mwingine. Mkewe amelala, haamki. Basi daktari anaingia ndotoni kumtafuta. Huko anamkuta amelala tena. Anaingia katika ndoto iliyo ndani ya ndoto, na humo pia anamkuta amelala. Kila ndoto ina mlango, na penye kila mlango amesimama bawabu yule yule, mtu mrefu mwenye joho jeupe na macho yasiyopepesa, ambaye huuliza swali moja tu: Je, umelala? Anayekana huamka. Anayekiri hufunguliwa mlango wa chini zaidi. Mwishoni daktari anarudi nyumbani na mkewe, au anadhani amerudi, picha haikuamua.

Iringa mjini Yotamu alilifasiri swali hilo kwa Kiswahili kilichonyooka, na watu wakatazama kwa mshangao bila kusema kitu. Chimala wakulima wa mpunga walinong'onezana tu. Bawabu akauliza, daktari akajibu, picha zikaendelea na safari yake.

Uyole, hata hivyo, palikuwa nyumbani. Mstari wa mbele, juu ya mkeka, aliketi Sekela, mkewe Yotamu, aliyeolewa mavuno yaliyopita, naye alikuwa hajawahi kumsikia mumewe kazini. Mume gani kijana hatataka kung'ara siku kama hiyo? Bawabu alipoinama mbele, uso wake ukajaa shuka zima, na midomo yake ikafunguka kuuliza, Yotamu aliacha Kiswahili akasema kwa lugha ya kwao:

"Mugonile?"

Ninyi mliozaliwa huko mnalijua neno hilo. Ukilichambua, ni kuuliza watu kama wamelala; kwa mtu mmoja husemwa 'Ugonile.' Lakini Mnyakyusa halichambui, kwa kuwa ndiyo salamu yake ya asubuhi, ya adhuhuri na ya jioni, na kuiacha bila jibu ni kumtemea mtu mate. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kwa pamoja, kama watu waliolelewa vema, ukamwitikia yule Mzungu wa shukani kwa neno la kuikubali salamu: "Ndaga!"

Kelele zilipotulia, sauti moja iliyochelewa, iliyokuwa bado inapigana na kicheko, ilisikika peke yake. Ilikuwa ya Sekela. "Ndaga, mume wangu!"

Ndipo bawabu akatabasamu. Iringa hakutabasamu, wala Chimala. Akageuza shingo taratibu, akatazama upande wa mkeka.

Wakati wa kukunja shuka, Bartholomeo alimsogelea mwenzake akanong'ona, "Uliona?"

"Niliona nini?"

"Alikuwa anangoja wamjibu. Picha haimngoji mtu, ndugu yangu. Mkanda unakwenda."

"Labda ulinasa."

"Ungenasa ungeungua," alisema Bartholomeo, na hakutania tena jioni ile.

Kulipokucha, Sekela aliinuka kitandani akamtazama mumewe kwa uso wa kuuliza. "Leo una mapenzi mengi. Mbona umenisalimu mara mbili?"

"Nimekusalimu mara moja tu. Sasa hivi."

"Kabla ya hapo pia. Nimeamka, ukaniambia 'Ugonile,' nikakujibu 'Ndaga.' Kisha nikaamka tena."

Wakacheka. Asubuhi iliyofuata salamu zilikuwa zimeongezeka, na Sekela hakucheka sana. Aliamka katika chumba kile kile, kwenye mwanga ule ule wa ukungu, akasikia sauti ya mumewe, akaitikia, na papo hapo akajikuta anaamka upya, chumba ni kile kile ila kina kitu kimoja kimepungua: mara kiti, mara dirisha, mara kivuli chake mwenyewe.

"Kwa nini usikatae kujibu?" Yotamu alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Nitakataaje? Ni wewe unayenisalimu."

Tangu siku hiyo hakuwa na hakika tena ni asubuhi ipi iliyokuwa ya kweli. Alikitoa chungu motoni kwa viganja vitupu, na ngozi ilipochubuka aliitazama kama anayetazama mkono wa jirani. "Nitaamka tu," alisema. Sokoni aliweka kapu lake la viazi chini, akaingia katikati ya barabara, akasimama mbele ya lori lililosheheni magunia ya pareto. Lori lilikwepa likaingia mtaroni, na dereva akashuka.

"Mama, umechoka kuishi?"

"Usihangaike, baba," Sekela alimjibu kwa upole. "Na wewe utaamka."

Yotamu alimrudisha nyumbani akiwa amemshika kama anayeshika yai. Alifahamu wakati huo kilichokuwa hatarini: mkewe angekufa mchana kweupe, akitabasamu, akidhani kifo ni namna nyingine ya kuamka.

Kisha ikaja asubuhi ambayo hakuamka kabisa. Mganga wa zahanati alimfunua jicho akasema yafanana na malale, ingawa mbung'o hawezi kuishi katika baridi ya Uyole, naye mwenyewe hakuamini alilolisema. Watu wa kanisa waliimba, wakaomba, wakaenda zao wameinamisha vichwa. Sekela akabaki chali, mdomo umefunguka kidogo. Na Yotamu, aliyekaa ubavuni pake tangu ukungu uondoke hadi uliporudi, akaanza kusikia, kwanza mbali kama mdudu ndani ya ubao, kisha karibu, kisha ndani ya pumzi yenyewe ya mgonjwa, ule mtatariko mwembamba wa mkanda unaopita mtamboni, ilhali gari lilikuwa Iringa na mtambo umo ndani yake, na pamoja na mtatariko ikaja harufu ya udi, na ndani ya harufu, kutoka ukutani, au kutoka chini ya mto, au kutoka katika koo lake mwenyewe ingawa kinywa chake kilikuwa kimefumbwa, ikaja sauti aliyoijua kuliko zote duniani, sauti iliyowafanya watu washuke milimani, sauti yake yeye, ikisema kwa mahaba:

"Ugonile, Sekela?"

Na midomo ya Sekela, bila macho kufunguka, ikajibu: "Ndaga."

Mahali fulani mlango ukafunguka. Salamu ikarudi, naye akajibu tena, lakini jibu lake sasa lilitoka mbali zaidi, kama la mtu anayeshuka kisimani.

Gari liliporudi, Bartholomeo aliyasikiliza yote bila kukatiza, akawasha tena gari bila hata kunywa chai. Alikwenda Idodi akamleta shangazi yake Severina, mjane aliyevaa rozari juu ya shanga za mababu na hakuona ugomvi kati yao. Bibi huyo aliingia, akasalimu, "Kamwene," kwa Kihehe chake. Akainama juu ya Sekela, akanusa, akasikiliza, mpaka ile sauti ilipopita. Alitoka nje akaketi kwenye gogo.

"Hilo ni jini la mlangoni," alisema. "Halina sauti. Lingekaa ndani ya bati lake likiuliza hadi Kiyama, na asingelisikia mtu. Nani aliliazima sauti?"

Yotamu aliinamisha kichwa.

"Ndiyo. Na mkeo atakataaje salamu ya mumewe? Kila akikujibu, linamteremsha. Akifika chini kabisa, kutakuwa hakuna wa kujibu."

"Bibi, nifanye nini? Niambie nichinje, nichinje."

"Kuku wako waache watage. Mwanangu, katika desturi zenu, yupo mtu ambaye mkeo akisalimiwa naye hawezi kumjibu? Si adui, maana adui hutukanwa, na tusi ni jibu. Namtaka yule ambaye mbele yake atanyamaza tu."

Yotamu aliangalia ng'ambo ya kijito, penye nyumba ya bati ya baba yake.

Kwa Wanyakyusa, mke hamwoni baba mkwe wake. Tangu siku ya arusi Sekela hakuwa ameutazama uso wa Anania. Akisikia kikohozi chake njiani, aliingia majanini, akajifunika nguo kichwani, akachuchumaa kimya hadi mzee apite. Hakulitaja hata jina lake. Naye Anania, mzee wa kanisa la Moravian, ambaye alikuwa amezitupa desturi nyingi za giza, hiyo moja alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mimi niingie alimolala mke wa mwanangu?" alifoka alipoelezwa. "Tena nifasiri kioo hicho cha Shetani? Hata waliokufa watanicheka!"

Yotamu alipiga magoti. "Tata, akifa utamzika?"

"Nitamzika, ni mwanangu."

"Basi utakuwa umekaribia kaburi lake na hukukaribia kitanda chake."

Mzee akachukua kofia yake.

Wakafanya kama Severina alivyoagiza. Mchana, jua likiwa utosini, waliziba madirisha kwa mablanketi, wakatundika shuka chumbani, na mtambo ukawekwa mlangoni. Anania aliketi amekipa kitanda kisogo, shingo imekakamaa, asije akamwona mkwewe hata kwa bahati mbaya. "Nanyi nyote," Severina alionya, "mdomo ni wa mzee peke yake. Litauliza. Atakayejibu, hata kwa kuguna, nitamzika kabla ya mgonjwa."

Mkanda ukaanza. Anania alishika kipaza sauti kama ashikaye nyoka.

"Huyu," alisema kwa sauti nzito ya mimbarini, "ni mtu mwenye koti. Analala. Mchana huu wote analala, ni mvivu. Tazama, amevaa sufuria kichwani. Sasa amekwenda mahali. Pale ni nyumbani kwake, ila si nyumbani kwake. Ee Bwana, utuhurumie, mambo gani haya?"

Siku nyingine Bartholomeo angecheka hadi aanguke. Siku hiyo jasho baridi lilikuwa likimtiririka mgongoni.

Bawabu akatokea. Uso wake ukajaa shuka, ukawa kama umetoka nje ya shuka, na midomo yake ikafunguka. Kwa sauti ile ambayo Sekela hakuwa ameisikia ila kwa mbali, akiwa amejificha majanini, Anania alitamka:

"Ugonile, Sekela?"

Bawabu akangoja. Mtambo ulizunguka, mkanda ulipita, lakini picha haikusogea. Na katika ukimya ule walisikia kwanza pumzi ya Sekela ikikatika, kisha kitanda kikilia, kisha wakaona, wale waliothubutu kugeuka, mkono wake mwembamba ukiinuka kutoka kwenye blanketi, ukipapasa, ukipata upindo wa nguo, ukiuvuta juu polepole hadi ukaufunika uso wote, kama mke mwema aliyekutwa njiani. Na midomo chini ya nguo ilibaki imefungwa, na bawabu akainama zaidi, na midomo yake ikafunguka mara ya pili, na Anania, sauti ikimtetemeka kwa aibu na hofu, akalirudia swali, na nguo haikutikisika, na tabasamu la shukani likaanza kupinda, na udi ukageuka uvundo wa pembe iunguayo, mpaka katikati ya paji la uso wa bawabu likatokea doa la kahawia, likatanuka, likachemka, likawa tundu la mwanga mtupu.

Bartholomeo aliuzima mtambo kwa mkono wake.

Sekela aliruka kitandani, nguo kichwani, akapita nyuma ya baba mkwe amejikunja kama swala, akatokomea uani penye jua. Alipiga chafya. Alisimama juu ya ardhi, akatazama viganja vyake vilivyoungua, na kwa mara ya kwanza akalia kwa maumivu. Majirani wakapiga vigelegele. Yotamu alitoka mbio, mikono wazi.

"Sekela! Sekela wangu!"

Akajifunika uso. Akageuka, akachuchumaa penye majani ya viazi, kimya.

Watu walicheka wakidhani ni haya. Yotamu alimwita tena, akajikunja zaidi. Alipokaribia bila kusema neno, Sekela alichungulia, akamwona, akamrukia shingoni akilia. Yotamu akasema, "Pole, mke wangu," na mwili aliokuwa ameukumbatia ukakakamaa, ukamponyoka.

Severina peke yake hakuwa amecheka. "Sauti uliyoiazima haikurudishwa," alimwambia. "Limeondoka nayo. Masikioni mwake umebaki na ya baba yako."

Kwa watu wengine Yotamu aliendelea kusikika vile vile. Kwa Sekela, kila neno la mumewe lilikuwa la baba mkwe, na halikuwa na jibu. Yotamu aliacha kazi ya sinema, akajifunza kuishi bila sauti, kama alivyoukuta mkanda ule. Walilima pamoja, walikula pamoja, alimshika mkono akamtazama, naye Sekela alimtazama kwa mapenzi yale yale, mradi asifungue kinywa. Jirani akija, Sekela husema, "Mwambieni ugali umeiva," hali mumewe yu hatua chache kando. Na mara kwa mara macho yake yaliganda, kichwa kikainama upande, kama anayejaribu kukumbuka wimbo.

Baada ya mvua za masika, Bartholomeo alifika alfajiri kumshawishi mwenzake arudi kazini. Alimkuta Yotamu nje ya mlango amebeba kuni, amesimama kama aliyepigwa msumari. Kutoka chumbani ilitoka sauti changamfu, tamu, ile iliyowashusha watu milimani.

"Ugonile, Sekela? Siku nyingi, mke wangu."

Bartholomeo alimkamata bega. "Mwite!" alinong'ona. "Mwite upesi, mwamshe!"

Yotamu alitikisa kichwa, machozi yakimshuka. "Akinisikia mimi," alinong'ona karibu bila pumzi, "atakimbia. Na huko ndani ndiko kuliko na mumewe."

Akazitupa kuni, akausukuma mlango kwa bega. Ulikuwa umefungwa kwa komeo. Ndani kukawa kimya, kimya cha mtu anayepigana na nafsi yake. Kisha wakamsikia Sekela akivuta pumzi, na jibu lake likatoka taratibu, kwa furaha, kama la mtu aliyerejea kwao baada ya safari ndefu:

"Ndaga, mume wangu."

Walipouvunja mlango, kitanda kilikuwa kitupu, kina joto bado.

Hayo sikuyaona kwa macho yangu, wala sidai. Niliyapokea kwa mtu aliyesimama penye mlango ule, ambaye hadi leo ukimsalimu hukutazama kwanza midomoni, kisha huinamisha kichwa bila kujibu: Bartholomeo wa Idodi.